Ukaguliwe, Kikaguliwe au Ikaguliwe? Maneno Tata katika Kanuni za Kuthibitisha Barua Pepe

Barua pepe imekwisha kuwa, katika miji ya Kitale na Bungoma kama ilivyo kwingineko nchini Kenya, njia ya kawaida ya kupelekea barua za kuwaita wanafunzi chuoni, ankara za karo, matangazo ya zabuni za kaunti, taarifa za kodi na mawasiliano baina ya vyama vya ushirika na wanachama wao. Hata hivyo, wengi wanaoitegemea hawajapata kuelezwa kwamba mfumo huo ulibuniwa bila njia yoyote ya kuhakikisha kuwa aliyetajwa kuwa mtumaji ndiye aliyetuma kweli. Itifaki ya SMTP, yaani utaratibu ambao kompyuta hufuata zinapopokezana barua pepe, ilichapishwa na Jon Postel mnamo Agosti 1982, wakati ambapo mtandao ulitumiwa na watafiti wachache waliofahamiana na kuaminiana, na kwa hiyo haikuonekana haja ya kumtaka mtu athibitishe jina lake kabla ya barua yake kupokelewa. Pengo hilo ndilo wanalolitumia walaghai hadi leo, na ndilo ambalo wataalamu wamejitahidi kwa miaka mingi kuliziba kwa kuandika viwango, ambavyo ni nyaraka za kanuni zinazokubaliwa na watengenezaji wote ili mitambo yao ielewane.

Kazi ya kuandika viwango hudhaniwa kuwa ni kazi ya hisabati na mitambo peke yake, ilhali sehemu yake kubwa ni kazi ya lugha. Kiwango huanza kama rasimu, rasimu husomwa na watu wengi, na kila sentensi inayoweza kueleweka kwa njia mbili hurudishwa kwa waandishi ili inyooshwe, kwa kuwa watengenezaji wawili wakiisoma kwa maana tofauti watatengeneza mitambo miwili isiyopatana, na barua halali ya mwalimu wa Kimilili itapokelewa na mtambo mmoja na kutupwa na mwingine. Ukaguzi huo wa maneno unastahili kufahamika kwa wasomaji wa kawaida, na zaidi unastahili kufanywa na watu wanaofikiri kwa Kiswahili, kwa sababu lugha hii inacho katika sarufi yake chombo cha kufichua utata ambao Kiingereza, lugha ya rasimu hizo, huuficha kwa urahisi.

Bahasha na kichwa cha barua

Mfano wa posta husaidia kueleza tatizo lenyewe. Mtu aliye Kitale anaweza kuandika nyuma ya bahasha kwamba barua inatoka katika sanduku fulani la posta, 50200 Bungoma, kisha akaitumbukiza katika sanduku la barua la Kitale, ambako msimbo wa posta ni 30200, na asitokee karani wa kumuuliza kwa nini mji aliouandika si mji aliomo. Aidha, ndani ya bahasha hiyo mna karatasi yenye kichwa cha barua, na jina lililopigwa chapa kwenye kichwa hicho linaweza kuwa la shirika la tatu kabisa, lisilohusiana na jina la nyuma ya bahasha wala na mtu aliyeitia sandukuni.

Barua pepe nayo ina majina mawili ya aina hiyo. Liko jina la bahasha, ambalo husomwa na seva tu, yaani kompyuta zinazopokezana barua njiani, na liko jina la kichwa cha barua, ambalo ndilo msomaji huliona kwenye kioo cha simu yake baada ya neno “Kutoka”. Msomaji haoni bahasha hata siku moja, wala hana namna rahisi ya kujua kama majina hayo mawili yanapatana. Mlaghai anayetaka kumtapeli mzazi kwa ankara ya karo ya uongo huandika jina la shule kwenye kichwa cha barua, na hicho kinamtosha. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 inautaja ulaghai wa kunasa taarifa za watu kwa ujumbe wa uongo kuwa ni kosa la jinai, lakini sheria humfikia mkosaji baada ya kosa kutendeka, na kinachotakiwa kwanza ni mtambo unaoweza kuitambua barua ya uongo kabla haijamfikia mzazi.

Kanuni tatu zinazofanya kazi pamoja

Kanuni ya kwanza inaitwa SPF, na toleo lake linalotumika lilichapishwa Aprili 2014 chini ya uhariri wa Scott Kitterman. Kwa kanuni hii, mwenye kikoa, yaani mwenye jina lile linalofuata alama ya @ katika anwani, hutangaza hadharani orodha ya seva anazoziruhusu kutuma barua kwa jina lake, na seva inayopokea huilinganisha orodha hiyo na seva iliyoleta bahasha. Udhaifu wake ni kwamba hukagua bahasha peke yake, na kwamba barua halali ikipokelewa kwenye anwani moja na kuelekezwa upya kwenye anwani nyingine, seva inayoileta mara ya pili huwa haimo katika orodha, na barua hiyo huonekana kama ya kughushi.

Kanuni ya pili ni DKIM, iliyotokana na kuunganishwa kwa mapendekezo ya kampuni za Yahoo na Cisco, na ambayo toleo lake kuu lilichapishwa Septemba 2011. Wakulima wa Trans Nzoia wanaweza kuielewa kanuni hii upesi kuliko watu wengi, kwa sababu Kitale ndiko yaliko makao makuu ya kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, na pakiti za mbegu zinazouzwa madukani hubandikwa kibandiko cha Shirika la Ukaguzi wa Afya ya Mimea la Kenya, KEPHIS, chenye namba iliyofunikwa ambayo mkulima huikwangua na kuituma kwa ujumbe mfupi ili ajibiwe kama mbegu hizo ni halali. Nguvu ya kibandiko hicho haitoki kwenye karatasi, kwa maana karatasi yaweza kuigwa. Inatoka katika jambo hili, kwamba mkulima haulizi pakiti wala muuzaji, bali huuliza daftari lililo mahali ambapo mwigaji hawezi kulifikia. Ndivyo ilivyo DKIM: seva ya mtumaji huipiga barua muhuri wa kihisabati kwa ufunguo wa siri, na mpokeaji huuhakiki muhuri huo kwa ufunguo wa umma anaouchukua katika mfumo wa majina ya vikoa, ambao ni daftari la mtandao lisiloweza kuandikwa na mtu asiyemiliki kikoa kinachohusika.

Kanuni ya tatu, DMARC, iliyochapishwa Machi 2015 kama waraka namba 7489 wa mfululizo wa nyaraka za intaneti unaoitwa RFC, uliohaririwa na Murray Kucherawy na Elizabeth Zwicky, ndiyo inayoyaleta majina mawili pamoja. Inataka jina la kichwa cha barua, lile analoliona msomaji, lilingane na jina lililothibitishwa na SPF au na DKIM, na inampa mwenye kikoa nafasi ya kutangaza sera, yaani maelekezo ya hatua anayotaka ichukuliwe barua isipolingana: iachwe ipite, iwekwe kando pamoja na barua taka, au ikataliwe.

Neno “au” katika kanuni hiyo lina uzito wa pekee, kwa kuwa barua hupita ikithibitishwa kwa njia moja tu kati ya hizo mbili. Tangu Februari 2024, kampuni za Google na Yahoo zimewataka wanaotuma barua nyingi, na kwa Google kipimo kilichotajwa ni barua 5,000 kwa siku, wawe na SPF na DKIM pamoja, na tena wawe wametangaza sera ya DMARC, ilhali watumaji wadogo wanaweza kutosheka na SPF au DKIM. Fundi wa chuo anayesoma “au” mahali palipoandikwa “na” anaweza kukiacha chuo chake kikituma barua za kuwaita wanafunzi ambazo hazitawafikia, bila yeye kuona kosa lolote katika mtambo wake.

Mahali utata ulipojificha

Waraka wa mwaka 2015 ulieleweka vya kutosha kutumiwa duniani kote, lakini matumizi yenyewe yalifunua sehemu zilizosomwa kwa namna tofauti. Kikosi Kazi cha Uhandisi wa Intaneti, kinachofahamika kwa herufi IETF, kikaanza kuuandika upya kupitia rasimu iliyoitwa DMARCbis, ambayo imehaririwa na Todd Herr na John Levine na kupitia matoleo zaidi ya 40. Idadi hiyo inaonyesha kiasi cha subira kinachohitajika ili maneno ya waraka mmoja yanyooke.

Mfano wa kwanza wa utata unazigusa anwani za Kenya moja kwa moja. DMARC inahitaji kujua ni jina lipi linalomtambulisha mwenye kikoa, na waraka wa 2015 uliliita jina hilo kikoa cha shirika. Kwa jina linaloishia kwa .com jambo hilo ni rahisi, kwani vipande viwili vya mwisho ndivyo jina la shirika. Kwa majina ya Kenya, ambayo husimamiwa na Kituo cha Taarifa za Mtandao cha Kenya, KeNIC, hesabu hiyo haifai. Chuo Kikuu cha Kibabii kilichoko Bungoma hutumia kikoa cha kibu.ac.ke, na vipande viwili vya mwisho vya jina hilo, yaani ac.ke, si mali ya Kibabii, bali ni paa moja linalofunika vyuo vingi vya nchi nzima, kama vile go.ke inavyozifunika ofisi za serikali na sc.ke inavyozifunika shule. Mtambo ukidhani kwamba ac.ke ndiyo mwenye nyumba, basi chuo cha Bungoma na chuo cha Kitale vitahesabiwa kuwa watu wa nyumba moja, na barua iliyothibitishwa na kimoja itaweza kupita kwa jina la kingine.

Waraka wa 2015 uliitaka mitambo itumie orodha ya viambishi vya umma, ambayo ni orodha ya majina kama ac.ke yanayoshirikiwa na wengi, lakini haukuamua ni orodha ipi hasa itumike, kwa hiyo wapokeaji wawili wenye orodha tofauti, au wenye nakala ya zamani na nakala mpya ya orodha ileile, waliweza kufikia uamuzi tofauti juu ya barua moja. Rasimu mpya iliiacha njia hiyo na kuweka nyingine, ambapo mtambo huanza na jina zima, huangalia kama lina rekodi ya DMARC, huondoa kipande cha kushoto na kuangalia tena, hadi ufike mwisho, na idadi ya maswali haizidi 8. Kwa kawaida jina fupi kuliko yote lililokutwa na rekodi ndilo huchukuliwa kuwa kikoa cha shirika, isipokuwa pale ambapo rekodi yenyewe inatangaza kuwa ni ya paa linaloshirikiwa au kwamba si ya paa hilo. Kwa njia hiyo neno lililokuwa likitegemea orodha isiyotajwa likapewa hatua zinazoweza kufuatwa na kila mtu na kufikia jibu lilelile.

Mfano wa pili ni wa asilimia. Waraka wa 2015 ulimruhusu mwenye kikoa kuomba sera yake itekelezwe kwa sehemu tu ya barua, tuseme asilimia 20, ili aanze polepole huku akiangalia matokeo. Wazo lilikuwa jema, lakini wapokeaji hawakulitekeleza kwa namna moja, na uzoefu ukaonyesha kwamba kwa kawaida ni thamani za 0 na 100 pekee zilizofuatwa kwa usahihi. Wakaguzi wa rasimu wakaamua kuiondoa asilimia hiyo na kuweka badala yake alama moja inayosema kwamba mwenye kikoa yumo katika majaribio. Neno lenye thamani nyingi zisizoaminika likayapisha mawili, kila moja lenye maana yake, ndiyo na siyo, na funzo lake ni kwamba mara nyingine dawa ya utata ni kupunguza ahadi iliyotolewa, wala si kuongeza maelezo.

Lazima, yapasa na yaruhusiwa

Mfano wa tatu ndio mgumu kuliko yote, nao unahusu nguvu ya amri. Machi 1997 Scott Bradner alichapisha waraka wa RFC 2119, unaoeleza maana ya maneno ya amri katika viwango vya intaneti: liko neno la sharti lisilo na msamaha, liko neno la kupasa, linalomruhusu mtu kuacha ikiwa ana sababu nzito na ameyapima matokeo yake, na liko neno la ruhusa tupu. Maneno hayo huandikwa kwa herufi kubwa, lakini kwa miaka 20 wasomaji walibishana kama neno lilelile likiandikwa kwa herufi ndogo lina nguvu ileile, mpaka Barry Leiba alipochapisha RFC 8174 mnamo Mei 2017 na kueleza kwamba maana hiyo maalumu ni ya herufi kubwa peke yake. Waraka ulioandikwa ili kuondoa utata ulikuwa umezaa utata wake.

Katika DMARC, mzozo wa maneno hayo uliwashwa na tukio la Aprili 2014, pale Yahoo na kisha AOL zilipotangaza kwamba barua zote zenye majina yao zisizothibitika zikataliwe. Watu wengi waliokuwa wakishiriki katika makundi ya barua pepe, ambapo barua moja hupokelewa na seva ya kundi na kusambazwa kwa wanachama wote, waliona barua zao zikirudishwa, kwa sababu seva ya kundi haikuwamo katika orodha ya SPF, na kwa kuongeza maneno ya kundi chini ya barua ilikuwa ikiuvunja muhuri wa DKIM. Wakaguzi wa rasimu mpya wakalazimika kujiuliza kama wenye vikoa vinavyotumiwa na watu wa kawaida waambiwe kwamba ni marufuku kutangaza sera ya kukataa, au waambiwe tu kwamba haiwapasi. Marufuku isiyofuatwa na kampuni kubwa ingeidhoofisha kanuni nzima, na neno la kupasa lingewaacha wanachama wa makundi bila kinga. Ubishi huo ulichukua muda mrefu, na ulistahili muda huo, kwa sababu tofauti ya neno moja ndiyo ingeamua ni nani atakayebeba hasara.

Kipimo cha Kiswahili

Sarufi ya Kiswahili ina mengi ya kutoa katika ukaguzi wa namna hii. Kiingereza kina kiwakilishi nafsi kimoja tu cha umoja, “it”, kwa vitu vyote visivyo watu, na mwandishi wa rasimu anaweza kukitumia mara tatu katika sentensi moja bila kusema kila mara ni kitu gani anachokusudia. Chukua, kwa kielelezo tu, sentensi inayosema kwamba mpokeaji akipata ujumbe kutoka kwa kikoa chenye rekodi, ni sharti kukagua “it” upya. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kuiacha hivyo na isionekane kuwa na kasoro. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kwenda hata neno moja mbele bila kuchagua, kwa kuwa ujumbe una kiambishi chake, ndipo iwe “ukaguliwe”, kikoa kina chake, ndipo iwe “kikaguliwe”, na rekodi ina yake, ndipo iwe “ikaguliwe”. Upatanisho wa ngeli, ambao mwanafunzi wa shule ya msingi hujifunza kama kanuni ya kusema vizuri, humlazimisha msomaji wa rasimu kuuliza swali ambalo mwandishi alilikwepa bila kujua: ni kipi hasa?

Kipimo hiki kina mipaka yake. Rekodi, seva na sera zote huchukua kiambishi kimoja, na sentensi inayozitaja pamoja yaweza kuwa tata katika Kiswahili kama ilivyo katika Kiingereza. Tena, neno “inapaswa”, ambalo hutumiwa sana katika matangazo na miongozo ya ofisi, humaanisha kwa baadhi ya wasemaji sharti kamili na kwa wengine ushauri wa nguvu, na kwa hiyo mwenye kuandika kanuni kwa Kiswahili hana budi kueleza mwanzoni kwamba “lazima” ni sharti, “yapasa” ni wajibu wenye udhuru, na “yaruhusiwa” ni hiari, kisha asiyachanganye maneno hayo mpaka mwisho wa waraka.

Ni nani anayepaswa kukagua

Wakazi wa Bungoma na Trans Nzoia hawakosi uzoefu wa kusoma rasimu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 196, inalitaka kila bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi yake ya kutunga sheria, na Shirika la Viwango la Kenya nalo hutoa rasimu za viwango ili umma uzitolee maoni. Viwango vya intaneti viko wazi zaidi ya hapo: nyaraka zake husomwa bure na yeyote, jina la RFC lenyewe lina maana ya ombi la maoni, na hakuna ada ya uanachama wala cheti kinachotakiwa ili mtu aandike kwamba sentensi fulani haieleweki. Kinachopungua ni imani kwamba maoni ya fundi wa kaunti, mhadhiri wa Kibabii au mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha Kitale yana uzito, na imani hiyo ndiyo inayostahili kujengwa.

Maoni yenye manufaa yana umbo lake. Mkaguzi huinukuu sentensi yenyewe, huonyesha njia mbili ambazo msomaji mwaminifu anaweza kuifahamu, hueleza madhara yatakayotokea ikiwa mitambo miwili itafuata njia tofauti, kisha hupendekeza maneno mapya. Malalamiko ya jumla kwamba waraka ni mgumu hayamsaidii mhariri, lakini mfano wa kikoa chenye vipande vitatu kinachoishia kwa .ke humfungua macho mtu aliyezoea majina ya .com maisha yake yote. Kwa hiyo umbali wa Bungoma na meza zinakoandikwa kanuni, ambao huchukuliwa kuwa udhaifu, ni faida katika kazi hii, kwa sababu anayesoma akiwa nje ya mazoea ya waandishi ndiye anayejikwaa pale ambapo wao hupita bila kuona jiwe.

Mzazi anayefungua simu yake na kuona jina la shule juu ya ankara hatasoma SPF wala DKIM wala DMARC, wala si wajibu wake kuzisoma. Amana yake iko mikononi mwa watu waliozisoma kwa niaba yake sentensi kwa sentensi, na ambao hawakuridhika hadi kila amri iwe na mtendaji wake na kila kiwakilishi kiwe na kitu chake. Rasimu iliyo tayari kuwa kanuni ni ile ambayo mfasiri wa Kiswahili, afikapo kwenye kitenzi, hukuta kwamba kiambishi kinachoweza kukaa hapo ni kimoja tu.